Tangi la samaki wa baharini ukiwa Mwanza: kulea bakteria na kuishusha nitrati

Mtu wa Dar es Salaam akiona nitrati, yaani mabaki ya mwisho ya taka za samaki, imepanda kwenye tangi lake la maji ya chumvi, anaweza kutuma kijana na madumu ufukweni na kubadilisha nusu ya maji siku hiyohiyo. Sisi wa Mwanza hatuna njia hiyo. Bahari iko zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na ziwa tunaloliona kila asubuhi ni la maji baridi. Kila lita ya maji ya chumvi tunaitengeneza wenyewe, kwa chumvi ya kununua na maji yaliyochujwa. Ndiyo maana katika mwongozo huu kubadilisha maji kumewekwa mwishoni. Tunaanza na kinachoingia kwenye tangi, kisha tunatafuta njia nyingine za kukitoa.

Mahesabu yote hapa chini ni ya tangi lenye lita 200 za maji halisi, yaani baada ya kuondoa nafasi iliyochukuliwa na mawe na mchanga. Lako likiwa kubwa au dogo, zidisha au gawa.

Kinachoendelea ndani ya maji

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua. Mabaki ya chakula na kinyesi vikioza vinaongeza nyingine. Amonia ipo ndani ya maji kwa sura mbili, moja sumu kali na nyingine nafuu, na kinachoamua ipi itawale ni pH. pH ikipanda kwa namba moja, ile sumu huongezeka karibu mara kumi. Maji ya bahari yanakaa kwenye pH ya 8.1 hadi 8.4. Kwa hiyo kiwango cha amonia ambacho sato wa bwawa lenye maji ya pH 7 angekivumilia bila shida kinaweza kuua samaki wa matumbawe kwa usiku mmoja.

Hapo ndipo bakteria wanapoingia kazini. Kundi la kwanza, Nitrosomonas na jamaa zake, hugeuza amonia kuwa nitriti. Kundi la pili, hasa Nitrospira, hugeuza nitriti kuwa nitrati. Wote hawa hawaelei ovyo kwenye maji. Wamejibandika kwenye mawe, mchanga, sponji na kuta za mabomba, na ukivisugua hivyo kwa maji ya bomba yenye klorini umewaua.

Kazi ya bakteria hawa inaishia kwenye nitrati. Wao hawaitoi nitrojeni kwenye tangi, wanaibadilisha sura tu kutoka sumu kali kwenda sumu ya polepole. Fundi akikwambia "Bosi, nitrati imepanda, ongeza filta nyingine ya bakteria," mshukuru na umwache aende. Filta ya pili itazalisha nitrati ileile, kwa sababu chakula unachotia ni kilekile. Nitrati ni kama deni kwenye daftari la Mangi: haijali una mifuko mingapi ya kubebea unga, inahesabu unga uliochukua.

Hatua ya 1: maji na chumvi

Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani na yametibiwa kwa klorini. Kwa samaki peke yake unaweza kuyaweka kwenye pipa, ukayapulizia hewa kwa saa 24 au ukatumia dawa ya kuondoa klorini. Kama unataka matumbawe, au kama maji yako ya bomba yenyewe yanaonyesha nitrati au fosfati (chakula kingine cha mwani) ukiyapima, tumia maji ya RO, yaani yaliyosukumwa kwenye utando mwembamba unaozuia karibu madini yote. Siku hizi si jambo gumu, mashine za RO za maji ya kunywa zinauzwa mjini, na hata vituo vya kujazia madumu ya maji ya kunywa vingi vinatumia mashine hizo. Uliza kwanza kama hawarudishii madini baada ya kuchuja.

Maji ya mvua yanavutia, hasa wakati wa masika, lakini mabati yetu yamepakwa zinki. Zinki kidogo tu inatosha kuua konokono, kamba na matumbawe. Achana nayo.

Kuhusu chumvi, ya jikoni haifai, iwe ya Uvinza au ya mashamba ya chumvi ya pwani. Hata ile iliyovunwa moja kwa moja kutoka baharini si bahari iliyokaushwa. Maji yanapokauka kwenye jaruba, kinachoganda na kuvunwa ni kloridi ya sodiamu, huku magnesiamu na madini mengine yakibaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Nunua chumvi maalumu ya akwaria. Kadiria gramu 38 hivi kwa lita, koroga kwa pampu hadi kesho yake, kisha pima. Unatafuta uchumvi wa gramu 35 kwa kilo, au 1.025 hadi 1.026 kwenye kipimo cha uzito wa maji. Refraktomita, kifaa kinachopima uchumvi kwa namna mwanga unavyopinda kwenye maji, ni bora kuliko kile kipimo cha plastiki chenye mshale, kwani mshale hudanganywa na kiputo kimoja cha hewa.

Wapo wanaofikiria kuleta maji ya bahari kwa basi. Lita 40 zina uzito wa kilo 41. Chumvi ya kutengeneza lita 40 hizohizo ni kilo moja na nusu.

Hatua ya 2: nyumba ya bakteria

Mwanza ni mji wa mawe, na kishawishi cha kuokota jiwe zuri la kupamba tangi ni kikubwa. Mawe yetu ni graniti. Hayana madhara makubwa kwa maji, ila hayana vinyweleo, kwa hiyo bakteria wanapata ngozi ya nje tu. Jiwe la matumbawe lina matundu hadi katikati. Nje, ambako maji yenye oksijeni yanapita, wanakaa wale wanaotengeneza nitrati. Ndani kabisa, ambako oksijeni imekwisha, wanakaa bakteria wengine wanaopumua kwa kutumia nitrati yenyewe na kuitoa kama gesi ya nitrojeni, ile ambayo ni karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Jiwe moja linafanya kazi zote mbili, na hiyo kazi ya pili ndiyo mlango wa kutokea ambao filta za kawaida hazina.

Usilitoe jiwe kwenye mwamba hai baharini. Matumbawe yanalindwa, na kuyang'oa ni kuharibu mazalia. Yapo mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu pwani kwa ajili ya ujenzi, na yanafaa. Yasugue, yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi kwa wiki kadhaa huku ukibadilisha maji, kisha pima fosfati ya maji ya kuloweka. Ikiendelea kupanda, endelea kuloweka. Ukikosa kabisa, vipo vipande vya kauri vyenye vinyweleo vinavyouzwa kwa ajili ya filta. Kwa lita 200, kilo 20 hadi 25 za mawe mepesi yenye matundu zinatosha. Yapange yaachane ili maji yapite nyuma na chini. Rundo lililobanana ukutani linageuka shimo la taka.

Mchanga wa ziwani nao uache huko huko. Unakuja na tope na mabaki ya viumbe, na hauna chokaa ya kusaidia pH isishuke. Tafuta mchanga mweupe wa aragoniti, ambayo ni aina ya chokaa.

Hatua ya 3: hewa, na hili ni letu sisi wa nyanda za juu

Miongozo mingi imeandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari. Mwanza iko takriban mita 1,140 juu yake. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 13, na oksijeni inayoweza kuyeyuka kwenye maji inapungua kwa kiasi hichohicho. Maji ya bahari yenye nyuzi 26 yanayobeba kama miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita huko pwani, hapa yanabeba karibu 5.8, tena hicho ndicho kiwango cha juu kabisa, uso wa maji ukiwa unatikisika vizuri.

Bakteria wanaogeuza amonia hadi kuwa nitrati ni walafi wa oksijeni. Kila gramu moja ya nitrojeni wanayoichakata inameza zaidi ya gramu nne za oksijeni. Kwa hiyo tangi lililojaa samaki, lenye uso uliotulia na mfuniko wa kioo unaobana, hapa Mwanza litaishiwa pumzi mapema kuliko tangi lilelile likiwa Tanga. Elekeza pampu moja ili uso wa maji utikisike wakati wote, na acha nafasi kwenye mfuniko. Punguza idadi ya samaki unayoisoma kwenye miongozo ya nje. Mimi ningeanza na samaki wanne au watano wadogo kwa lita 200 na kuishia hapo kwa miezi ya mwanzo.

Umeme ukikatika, hii ndiyo hatari ya kwanza. Pampu ndogo ya hewa ya betri au ya kuchaji, inayojiwasha yenyewe, inalinda samaki na bakteria waliomo kwenye mawe. Filta ya kopo lililofungwa ni kesi nyingine. Bakteria waliomo humo wanamaliza oksijeni iliyobaki, wanaanza kufa ndani ya saa chache, na maji yanaoza. Umeme ukirudi baada ya muda mrefu, usiiache iwake na kumwaga uozo ule kwenye tangi. Ichomoe mapema, ifungue, mwaga maji yake, suuza vilivyomo kwa maji ya tangi, ndipo uiwashe.

Hatua ya 4: kuwaamsha bakteria kabla ya samaki

Tangi jipya lina nyumba lakini halina wapangaji. Wape chakula kwanza bila samaki. Kama una kloridi ya amonia, tia hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Kama huna, chukua kipande cha mnofu wa sangara cha ukubwa wa kidole gumba, kifunge kwenye soksi nyembamba safi na ukitumbukize. Kitanuka. Kikishaanza kulegea na amonia imefika 2 au 3, kitoe. Amonia ikipita 5, kasi ya bakteria wenyewe inapungua.

Pima mara mbili kwa wiki. Amonia itapanda halafu itashuka. Nyuma yake nitriti itapanda, mara nyingi kwa kishindo, nayo itashuka. Nitrati itabaki juu. Kwa kawaida mzunguko huu unachukua wiki nne hadi sita kwenye nyuzi 26 hadi 28. Ukipata jiwe lenye bakteria kutoka tangi la maji ya chumvi la mwenzako, limefungwa kwenye gazeti lililoloa, unafupisha sana. Sponji ya tangi lako la maji baridi haina msaada huo, kwani bakteria wengi wa maji baridi hawastahimili kurushwa ghafla kwenye chumvi.

Mtihani wa mwisho ni kutia tena amonia hadi 2. Baada ya saa 24 amonia na nitriti zikisoma sifuri, bakteria wako tayari. Badilisha maji nusu siku hiyo, kwa kuwa nitrati iliyorundikana ni kubwa, halafu leta samaki wawili wa kwanza.

Mambo mawili kuhusu vipimo. Nitriti ikiwepo, vipimo vingi vya nitrati husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo usihangaike na namba ya nitrati kabla nitriti haijafika sifuri. Pili, soma maandishi ya boksi: baadhi ya vipimo vinatoa nitrati kamili, vingine vinatoa nitrojeni iliyomo tu. Namba ya hivyo vya pili lazima uizidishe kwa 4.4 ndipo uilinganishe na viwango ninavyovitaja hapa. Watu wawili wanaweza kubishana kutwa nzima, mmoja ana 5 na mwingine 22, kumbe maji yao yanalingana.

Hatua ya 5: hesabu ya chakula

Chakula kikavu cha samaki chenye protini asilimia 45 kina nitrojeni kama asilimia 7.2, kwa kuwa nitrojeni ya protini hupatikana kwa kugawa protini kwa 6.25. Gramu moja ya chakula hicho, basi, ina miligramu 72 za nitrojeni. Zikigeuka zote kuwa nitrati ni miligramu 319. Zigawe kwa lita 200: nitrati inapanda kwa miligramu 1.6 kwa lita. Ukilisha gramu moja kila siku, wiki ikiisha umeongeza kama 11. Sehemu kidogo inabaki mwilini mwa samaki, kwa hiyo tuseme 10.

Sasa linganisha na kubadilisha maji. Ukitoa asilimia 20 ya maji kila wiki na maji mapya hayana nitrati, unatoa asilimia 20 ya nitrati iliyopo. Deni linaongezeka 10 kila wiki. Tangi litatulia pale ambapo asilimia 20 ni sawa na 10, yaani 50 kabla ya kubadilisha na 40 baada yake. Hapo umetumia kilo moja na nusu ya chumvi kila wiki na bado uko 40. Ukibadilisha asilimia 10 tu, utatulia kwenye 100. Lakini ukipunguza chakula kuwa nusu gramu na kubaki na ile asilimia 20, unatulia kwenye 25 kabla na 20 baada, bila kununua chochote.

Pima gramu yako kwa mizani ndogo ya vito mara moja, uone ilivyo kwenye kijiko. Wengi wanashangaa. Lisha kidogo mara mbili, kinachoisha ndani ya dakika mbili. Chakula cha barafu kiyeyushe kwenye chujio la chai na umwage yale maji yake, yamejaa nitrojeni na fosfati. Na najua bei ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, najua pia wanasagika vizuri. Waache kwa kuku. Unga wake unatawanyika kila pembe ya mawe, una fosfati nyingi, na dagaa walioanikwa chini huja na mchanga wao.

Hatua ya 6: kutoa uchafu kabla haujaoza

Skima, kifaa kinachotoa uchafu kwa povu, inafanya kazi vizuri kwenye maji ya chumvi kwa sababu viputo humo ni vidogo na vingi. Protini na mafuta hujinasa kwenye viputo, povu linapanda na kumwagika kwenye kikombe. Kilichomo kwenye kikombe hakitakuwa nitrati tena. Chagua skima ya tangi kubwa kidogo kuliko lako, na osha shingo yake kila baada ya siku tatu nne, maana ikipakaa mafuta povu halipandi. Kama ilivyoelezwa juu ya hewa, skima pia inaingiza oksijeni, kwa hiyo hapa Mwanza ina faida mara mbili.

Pamba ya kuchuja iwekwe mahali unapoifikia kwa mkono, na itolewe kila baada ya siku mbili au tatu. Ikikaa wiki mbili imegeuka mtambo wa nitrati.

Hatua ya 7: mwani

Kwa mtu aliye mbali na bahari, naona hii ndiyo njia yenye thamani kuliko zote. Mwani unakula nitrati na fosfati, na unapouvuna unavitoa kabisa. Tenga sehemu kwenye sampu (tangi la filta linalokaa chini ya tangi kubwa), au tangi dogo pembeni lenye maji yanayozunguka, na uweke Chaetomorpha, ule wa kijani unaofanana na waya uliokunjamana. Uwekee taa ya LED yenye nguvu, iwake usiku wakati taa ya tangi kubwa imezimwa. Kwa njia hiyo usiku, wakati pH na oksijeni kwa kawaida hushuka, mwani unazipandisha.

Caulerpa pia inakua haraka, ila ina tabia ya kuyeyuka ghafla inapozaa, na yote iliyokula inarudi majini kwa siku moja. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani unahitaji mwanga mkali na mkondo mzito, si wa kuanzia nao. Vuna theluthi moja lundo linapojaa, acha iliyobaki. Usipovuna, ulio chini hukosa mwanga, unaoza, na hesabu inarudi palepale.

Hatua ya 8: siki, kwa aliyetulia

Tangi likishakuwa na miezi sita, skima inafanya kazi na nitrati bado haishuki, unaweza kuwalisha bakteria kaboni. Siki nyeupe ya kawaida ya asilimia 5, isiyo na rangi wala viungo, inafaa. Bakteria wanaoila wanazaliana, wanachukua nitrati na fosfati kujenga miili yao, kisha skima inawatoa. Anza na mililita 5 kwa siku, asubuhi, ukiimwaga polepole penye mkondo. Kaa wiki nzima kabla ya kuongeza 5 nyingine. Nitrati ikianza kushuka, simama hapohapo. Sioni sababu ya kupita 40.

Maji yakigeuka meupe kama yametiwa tone la maziwa, umezidisha: acha siki na ongeza hewa mara moja, kwa kuwa bakteria hao wanakula oksijeni kwa kasi. Siku umeme unayumba, usitie kabisa. Na usitumie gongo, hata kama mtu amekuambia Wazungu wanatumia vodka.

Hatua ya 9: maji na alkalini

Sasa asilimia 10 hadi 15 kwa wiki inatosha, na unaifanya kwa mpira wa kufyonza taka kwenye mchanga, si kwa kuchota juu. Fyonza sehemu moja wiki hii na nyingine wiki ijayo. Mchanga wenye kina cha sentimita 10 au zaidi fyonza uso wake tu. Ukiufukua, harufu ya yai viza itakuambia umefungua gesi yenye sumu.

Pima pia alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, kwani utengenezaji wa nitrati unaila. Lenga 8 hadi 10 kwa kipimo cha alkalini kinachoitwa dKH. Ikishuka, tumia soda ya kuokea iliyoyeyushwa kwanza kwenye maji ya RO. Magadi ya kupikia maharage si kitu kilekile, ni mchanganyiko mchafu wa chumvi nyingine, na mengine yana floraidi nyingi.

Namba za kulenga

Tangi la samaki peke yake, bila matumbawe, nitrati yake ikae chini ya miligramu 40 kwa lita, na ukiweza chini ya 20. Matumbawe laini yanaridhika na 5 hadi 20, magumu 2 hadi 10. Sifuri si lengo. Nitrati na fosfati zote zikisoma sifuri, matumbawe hupauka na utando wa kahawia wenye viputo huanza kufunika mchanga. Ukiona sifuri kwa wiki mbili mfululizo, punguza siki kwa nusu, fupisha saa za taa ya mwani hadi sita, na kama oksijeni inaruhusu, hapo ndipo pa kuongeza samaki mmoja.